Wafupi Chini ya Kikapu

Jumanne, 3 Juni 2025

Tumefungwa tena. Nyumbani! Mbele ya wapishi wa chuo, waliotoka jikoni na miiko mikononi ili waone vizuri.

Tatizo si mimi. Tatizo ni urefu. Tangu Moffat amalize kozi yake na kwenda Qatar kulinda mlango wa hoteli, timu yangu ya mpira wa vikapu haina mtu wa kusimama chini ya kikapu. Moffat alikuwa akiinua mkono tu. Sasa nimebaki na wawili. Griffins, futi sita akivaa viatu, kijana wa kujituma, lakini goti lake la kulia lina maneno. Na Ngatia, mfupi, mpana, mwenye moyo mzuri. Leo kila mpira uliogonga chuma na kurudi, wale wageni kutoka Karatina waliuchukua juu ya vichwa vyetu kama watu wanaochuma maparachichi. Ngatia aliruka kila mara. Alishuka kila mara mikono mitupu.

Kwenye chai ya saa kumi Madam Ngendo akasema, mbele ya walimu wote, kwamba shida si urefu. Ati vijana wangu hawajui kumweka mpinzani mgongoni kabla mpira haujashuka. Madam Ngendo anafundisha hesabu na netiboli. Netiboli! Mchezo ambao mtu akishika mpira anasimama kama aliyesahau alikuwa akienda wapi. Nilimshukuru. Sikumaanisha.

Kisha Prinsipali, Bi. Watiri, akapuliza chai yake na kusema kwa upole kwamba tukifungwa kwenye mashindano ya kanda, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, timu ataichukua Madam Ngendo. Kwa upole! Hivyo ndivyo anavyofukuza watu.

Nimemweleza mke wangu. Wakonyo akauliza kama nimejaribu hilo jambo la mgongo. Hata nyumbani kwangu sina mtu.

Jumatano, 4 Juni

Wazo. Mtu akining'inia kila siku, mifupa huachana kidogo na urefu huongezeka. Nilisikia redioni.

Nilipeleka timu kwenye karakana yangu, ninakofundisha ufundi wa mabomba, nikawaning'iniza kwenye bomba kubwa la juu. Bomba nililifunga mwenyewe mwaka jana, likawa mfano wa kuonyesha wanafunzi wapya kazi safi inavyokuwa. Griffins alining'inia vizuri. Ngatia aliposhika, bomba likalia. Nikamwambia asiogope, hiyo ni kazi yangu. Likaachia ukuta upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha maji.

Maji mengi sana. Yakapita mlangoni, yakashuka ngazi, yakaingia darasa la ushonaji. Suti za mtihani zilikuwa sakafuni zikisubiri kupigwa pasi.

Ngatia aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Nilimwambia Prinsipali kwamba ni Ngatia.

Alhamisi, 5 Juni

Kuna kijana wa idara ya umeme anaitwa Abdimajid. Nimemwona mara mbili akiinama kuingia maktaba. Kuinama! Na hakuna aliyeniambia. Amekaa chuoni tangu Januari na urefu wote huo, akisoma nyaya.

Nikaambiwa ameomba ruhusa akaenda kwao Nanyuki kumsaidia mama yake kuuza mbuzi kabla ya Idd. Nikapanda gari la kwanza.

Baridi ya mlima asubuhi ile ilikuwa ya kukata masikio. Soko la mifugo limejaa. Sikumtafuta sana, kichwa chake kilikuwa juu ya wengine wote, kimefungwa kitambaa cheupe. Mama yake, Mama Sadiyo, ni mwanamke mdogo wa mwili mwenye sauti inayovuka soko. Nilimweleza kwamba chuo kinamhitaji mwanawe kwa mpira. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Hii mpira iko kwa mtihani?"

"Iko," nikasema.

"Asipocheza anaanguka?"

"Anaanguka vibaya, Mama."

"Basi nitamwachilia Idd ikiisha. Na wewe mwalimu, kwa vile umekuja, shika hawa."

Akanipa kamba tatu. Nilishika mbuzi tangu saa nne mpaka saa tisa. Mmoja alikula mfuko wa koti. Mzee mmoja alimshika meno mbuzi wangu, akaniuliza umri wake, nikabahatisha, akacheka akawaita wenzake niwarudie jibu. Abdimajid alikuwa akija kila baada ya muda kuniuliza kama nimechoka. Kijana mwenye adabu mno. Nilipaswa kushtuka hapo.

Jumatatu, 9 Juni

Abdimajid amekuja uwanjani. Ngatia alimzunguka kama mtu anayetazama gari jipya.

Nikampa mpira. Akaukwepa.

Nikampa tena. Akaukwepa tena, akauokota, akauleta kwa mikono miwili na kuniuliza auweke wapi. Nikamwambia asimame chini ya kikapu na kuchukua kila kinachorudi. Mpira ukarudi. Ngatia akamgusa kwa kiwiko, kidogo tu. Abdimajid akasema samahani, akampisha.

Samahani! Alisema samahani jioni nzima. Aliiambia samahani hata nguzo.

Nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha. Ilipoisha nikaenda kutafuta maji, nikarudi, nikamkuta Madam Ngendo uwanjani na sketi yake na viatu vyake vya darasani. Amemsimamisha Ngatia nyuma ya Abdimajid. Anamwambia Abdimajid kwamba huyo mtu wa nyuma ni mbuzi anayetaka kutoka boma, na yeye ndiye lango. Asimpige. Asimsukume. Awe lango tu, apanue miguu, akae chini, mpira uje wenyewe. Na Abdimajid akawa lango. Ngatia akahangaika kushoto, akahangaika kulia, hakupita. Mpira ukashuka mikononi mwa kijana kana kwamba alikuwa ameagiza.

Kisha Madam akamgeuza Ngatia awe lango, Abdimajid awe mbuzi. Na Ngatia, pamoja na ufupi wake wote, akamzuia! Vijana wakapiga makofi. Griffins, aliyekuwa ameketi kando na mguu ameunyoosha, alicheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nilimwambia Madam Ngendo kwamba ninashukuru, lakini wachezaji wakifundishwa na watu wawili huchanganyikiwa. Akasema sawa, Gicheru. Akafuta vumbi kwenye viatu akaenda zake.

Wamechanganyikiwa kweli. Walikuwa wakimtazama akienda.

Jumanne, 10 Juni

Griffins alinifuata karakana. Akafunga mlango. Akakunja suruali.

"Mwalimu, hii goti imekataa. Nilienda kliniki. Wamesema nipumzike wiki sita."

Nimeona magoti mabaya. Hili lilikuwa limevimba, linang'aa, na alama za vidole zilibaki nilipobonyeza.

Nikafikiri haraka. Abdimajid ni mrefu lakini si wangu tena, ni wa Madam. Griffins ni wangu. Nilimfundisha kudunda mpira mwenyewe. Nikamwuliza anataka nini maishani. Swali zuri, huwa linafanya kazi. Akasema ninajua: mwezi ujao kuna kuandikishwa kwa makurutu wa polisi, naye anataka kuingia, achezee timu yao. Mama yake anachuma chai kule Kangema, mgongo umeanza kumkataa. Anataka amwondoe shambani.

"Sasa wale watu watakujuaje ukiwa umelala na goti?" nikamwuliza. "Jumamosi wataleta macho. Na mimi nina mtu wangu Kiganjo."

Akainua kichwa. "Mkubwa?"

"Wanamsikiliza," nikasema.

Mtu ninayemjua Kiganjo ni Mugo, anayeuza chipsi karibu na lango la chuo cha polisi. Polisi hununua kwake. Wanamsikiliza anapouliza kama watataka pilipili. Sikudanganya.

Nikamfunga bandeji, nikampa vidonge vya maumivu vya Wakonyo, nikamwambia asiwaambie wenzake wasije wakavunjika moyo. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Alhamisi, 12 Juni

Madam Ngendo amejua. Alimwona Griffins akipanda ngazi kinyumenyume.

Alinisimamisha nje ya ofisi ya walimu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo linaloniudhi kwake.

"Gicheru, umeona goti ya huyo kijana?"

"Nimeliona. Ni goti."

"Imefura. Daktari amesema apumzike."

"Daktari hajui mpira."

"Na wewe hujui goti." Akangoja. Mimi pia nikangoja. "Uko na Abdimajid na Ngatia. Wanatosha, ukiwaacha wacheze vile wanajua. Ukimwingiza Griffins Jumamosi, nitaingia uwanjani nimtoe mwenyewe. Si mzaha."

Najua si mzaha. Ndiye mwalimu pekee mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Ana gari pia, na husafiri nalo kufuata michezo yote. Angeingia kweli, mbele ya kanda nzima.

Kwa hiyo! Prinsipali alikuwa akitafuta mwalimu wa kwenda Murang'a Jumamosi kwenye warsha ya mtaala. Hakuna anayetaka, chakula chao ni kibaya. Nikaenda ofisini nikamsifu Madam Ngendo. Nikasifu akili yake, nidhamu yake, mwandiko wake. Nilimsifu mpaka koo likakauka. Bi. Watiri akasema hakujua kwamba mimi ni mtu wa moyo mkubwa kiasi hicho. Akapiga simu hapo hapo.

Jioni nilimwona Madam Ngendo akitembea kuelekea gari lake. Alinitazama muda mrefu. Nilimpungia.

Hatimaye mpango mmoja umefaulu kutoka mwanzo hadi mwisho!

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Mashindano yalikuwa Karatina. Ukungu asubuhi, jua saa tano. Mechi yetu ilikuwa na timu ya Nanyuki, majitu matatu mstari wa mbele, mmoja ana ndevu. Nikaanza na Abdimajid na Ngatia. Griffins nilimweka benchi, kwa sababu nina busara.

Tukaongoza! Naandika tena: tukaongoza. Ngatia alikaa chini, akapanua miguu, na yule wa ndevu akahangaika nyuma yake kama mtu anayetafuta mlango gizani. Abdimajid alichukua kila mpira uliorudi. Samahani zilipungua. Hadi mapumziko tulikuwa mbele kwa vikapu vinne, na wachuuzi wa sokoni walikuwa wamepanda juu ya ukuta kututazama.

Bi. Watiri alikuwa amefika. Nikamsogelea nipongezwe. Akasema kazi ya Madam Ngendo inaonekana, ni huzuni kwamba hayupo kuiona.

Kazi ya Madam Ngendo.

Nilirudi benchi. Griffins alikuwa amevaa jezi chini ya trakisuti, anashangilia wenzake. Nikamwambia avue. Akauliza, "Lakini mwalimu, si tunashinda?" Nikamwambia mtu wa Kiganjo ametuma watu, wako ukutani. Akatazama ukuta. Kulikuwa na wauza vitunguu na wanaume wawili wenye makoti. Akavua trakisuti.

Ngatia aliona namtoa yeye. Alimshika Griffins bega tu.

Griffins alicheza vizuri. Nataka hilo lijulikane. Alifunga mara mbili, watu wakasimama, nami nikageuka kumtazama Bi. Watiri kuona kama anaona. Kwa hiyo sikumwona akiruka. Niliisikia tu. Ilikuwa sauti ndogo, kama mti mkavu chini ya kiatu. Kisha Griffins akaanza kumwita mama yake, kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtoto.

Refa alisimamisha mchezo. Abdimajid alikuwa ameketi sakafuni, kichwa cha Griffins mapajani mwake, amekifunika na kile kitambaa chake cheupe ili asitazame mguu. Nikamwambia Abdimajid mechi inaendelea, arudi. Nikamwambia tena. Akaniangalia, yule kijana wa samahani, akasema, "Toka hapa."

Gari halikuwepo. Gari lilikuwa Murang'a. Mtu wa huduma ya kwanza alikuwa Murang'a. Ambulensi ya mashindano ilikuwa imempeleka msichana wa mbio aliyezirai. Mwishowe mwenye mkokoteni mmoja akamwaga kabichi zake chini, bila kuulizwa, na tukamlaza Griffins pale juu ya magunia. Abdimajid na Ngatia wakasukuma. Tukapita katikati ya soko la Karatina, siku ya soko, watu wakipisha, akina mama wakishika midomo. Kwenye kila shimo la njia Griffins alilia. Nilitembea mbele nikisema pisheni, pisheni. Mtu alihitajika kusema pisheni.

Nyuma yetu timu iliyobaki ilicheza bila mtu chini ya kikapu. Tulifungwa.

Jumapili, 15 Juni

Hospitali. Daktari ni kijana, mchovu. Alisema kano ya goti imekatika yote na mfupa umepasuka kando. Atapasuliwa Jumatano. Nikauliza kuhusu kukimbia. Akasema tuzungumze kwanza kuhusu kutembea.

Mama yake Griffins amekuja kutoka Kangema. Anaitwa Kagure. Mikono yake imekuwa nyeusi vidoleni kwa utomvu wa chai. Nilidhani atanipiga, nikasimama karibu na mlango. Badala yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ni wewe mwalimu? Mtoto aliniambia vile unamsaidia. Ati uko na mtu mkubwa kule Kiganjo."

Griffins aligeuka akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa dawa, lakini alinitazama vizuri.

"Anaitwa nani, huyo mtu?" mama akauliza. "Nimwombee."

"Mugo," nikasema.

"Mungu ambariki Mugo. Mwambie amngojee mtoto wangu apone. Mwaka hata mmoja. Sisi tunajua kungoja."

Griffins akafumba macho. "Ni nani kule, mwalimu? Cheo yake ni gani?"

Nikasema yuko karibu sana na lango. Nafikiri Griffins alikuwa akipita pale langoni kichwani mwake, akitazama kushoto na kulia, hadi alipofika kwenye kibanda cha chipsi. Kisha akageukia ukuta. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Mama akadhani ni maumivu, akakimbia kumwita nesi.

Kwenye korido nikamkuta Abdimajid na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Mama yake ameituma.

"Mama ameuliza kama goti pia iko kwa mtihani," akasema.

Hakutabasamu. Sijui hawa vijana wanajifunza wapi ukali.

Jumanne, 17 Juni

Bi. Watiri aliniita. Madam Ngendo alikuwa ameketi tayari, macho yamevimba. Alirudi kutoka Murang'a Jumamosi hiyo hiyo moja kwa moja hadi hospitali, akalala pale kwenye kiti siku mbili. Hakuna aliyeniambia. Nilidhani ni ndugu wa mgonjwa, amejifunika shuka.

Bi. Watiri akaniuliza, kwa upole, kama nilijua kuhusu ule ushauri wa kliniki. Nikaanza kueleza kuhusu urefu. Akainua mkono. Akasema timu ni ya Madam Ngendo kuanzia leo. Akasema nitaandika barua ya maelezo kwa bodi. Akasema chuo kitasimamia matibabu, na kwamba hiyo ni hatua ya chuo, si yangu.

Nilimgeukia Madam Ngendo nikamwambia kwamba hata yeye asingeweza kuzuia. Mchezo ni mchezo.

"Ningezuia," akasema. "Na ulijua. Ndio maana ulinisifu."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli na gurudumu lilikuwa likilia.

Mwishowe Bi. Watiri akasema, kwa vile kila mwalimu lazima awe na mchezo, nitasaidia voliboli. Kusaidia tu. Nitabeba wavu na mipira. Nisimguse mchezaji yeyote.

Wakonyo hakupika jioni. Alikuwa ametafuta vidonge vyake vya maumivu.

Alhamisi, 19 Juni

Wakonyo amesema siingii nyumbani mpaka niende kumwomba Griffins msamaha, kwa mdomo wangu, bila kutaja urefu. Akapika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa, akaniweka barabarani.

Nilijitayarisha njiani. Nilikuwa na maneno mazuri. Nilipanga kusema nimekosa, nisimame hapo, nisiongeze kitu.

Nilipofika, Griffins alikuwa amelala baada ya upasuaji wa jana. Mguu umeinuliwa, umefungwa mpaka kwenye paja. Mama yake alikuwa amelalia ukingo wa kitanda, ameshika kidole chake kimoja. Amekonda yule kijana. Nilisimama pale. Niliweka chupa chini nikaangalia pembeni ili nisilie.

Pembeni kuna kitanda kingine. Sijui nilikuwa nimekosaje kukiona.

Miguu ya mgonjwa wa pale ilikuwa imepita mwisho wa kitanda. Imepita kabisa! Wamemwekea kiti cha kuegemeza nyayo, na bado vidole vilining'inia. Anaitwa Gure. Ni dereva wa lori la mifugo, alianguka akifunga turubai, amevunjika mkono. Nikavuta kiti changu, taratibu, nisimwamshe Griffins. Nikamwuliza ni mkono gani. Wa kushoto! Nikamwuliza kama amewahi kufikiria kurudi masomoni. Akasema ana miaka thelathini na moja. Nikamwambia chuo chetu hakibagui, na kwamba voliboli ni mchezo wa mkono mmoja hasa, huo mwingine ni wa kusawazisha mwili tu, na kwamba plasta ikiwa ngumu inaweza hata kusaidia kuzuia mpira.

Akasema daktari amemkataza kuinua kitu miezi mitatu. Nikamwambia daktari hajui voliboli, na kwamba nina mtu wangu bodini.

Tuliongea mpaka kengele ya wageni. Anaonekana msikivu. Alikuwa hajala tangu asubuhi, nikammiminia uji. Ameupenda sana, akamaliza chupa. Griffins alifumbua macho mara moja nikiwa namimina, akatuangalia sote wawili, akayafumba.

Nitamwomba msamaha siku nyingine. Leo alionekana amechoka.